Mgombea wa Pili Kwenye Foleni ya Pamba

Jumatano, 18 Juni 1980

Lori la pamba halikuja leo pia. Watu wamelala juu ya magunia nje ya stoo ya kijiji, wengine wamehamia kabisa na sufuria zao. Saa nane nikatoka na kitabu, nikakaa juu ya mizani kubwa kama kawaida, nikawasomea sura ya nne. Koo limekauka. Sukari hakuna dukani, sabuni hakuna, kwa hiyo nimelainisha koo kwa chai isiyo na kitu.

Kitabu kinaitwa Mgombea wa Pili. Dada yangu alikinunua Mwanza, akanipa. Ni habari za nchi ya kubuni iitwayo Tamba. Watu wawili wanagombea urais: Salumbo, mwanasheria mpole, na Kanali Direza, mwanajeshi mstaafu. Mpaka sasa gari moja limekatwa breki na mpishi mmoja amekutwa kisimani amekufa.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima, na ufunguo wa kabati la maktaba ya kijiji ninao mimi. Kabati lina vitabu vya mbolea, vya siasa na vya kunyonyesha. Kwa vitabu hivyo hakuna mtu aliyewahi kuniomba nirudie ukurasa. Sasa wananifuata mpaka ninapochota maji kuniuliza nani alimuua mpishi.

Bwana Shamba naye alikuwepo. Alisimama nyuma, ameegemea pikipiki ya serikali. Hana pamba ya kuuza. Sijui alifuata nini.

Ijumaa, 20 Juni

Niandike maoni ya watu kabla sijayasahau, maana yananichekesha na kuniudhi.

Mwalimu Mkuu wa shule anasema kitabu ni cha ovyo. Hakina mafunzo, hakina itikadi, kinafundisha watu kukata breki. Alikiazima jana jioni, akakirudisha leo alfajiri. Kitabu cha ovyo hakisomwi usiku kucha.

Nesi Modesta wa zahanati anampenda katibu muhtasi wa Salumbo, ila anasema mwandishi hawajui wanawake. Mwanamke anayejua kwamba chai ina sumu hasimami mlangoni akilia kurasa tatu. Anaimwaga.

Baba Kulwa, mume wangu, ndiye karani wa mizani. Anapenda mahali wanapofukuzana tu. Hotuba zikianza, analala.

Wazee hawakuamini kwamba huko Tamba karatasi ya kura ya rais ina sura za watu wawili. Sisi karatasi yetu ina picha moja ya kusema ndiyo, na kivuli cheusi cha kusema hapana. Mzee mmoja aliniuliza kama Direza ndiye kivuli. Nikasema hapana, naye ana uso wake. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Manju Maganga, kiongozi wa ngoma, amekasirika kweli. Kampeni ya watu wawili, na hakuna mahali palipoandikwa mganga wa Salumbo ni nani wala dawa yake ya mvuto ni ipi. Anasema mwandishi ama hajui, ama ameficha. "Mayu, mama, watu hawaji bure," aliniambia. "Kuna kitu kinawavuta."

Bwana Shamba hakutoa maoni. Aliwasha pikipiki akaenda zake.

Jumatatu, 23 Juni

Nilijua yatafika huku. Hapa kwetu hakuna kitu cha watu wawili kisichogeuka kuwa ngoma. Vikundi vya ngoma ni viwili, Wagika upande mmoja, Wagalu upande mwingine, uwanja ni ule ule, ngoma zinaanza kwa pamoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Wamezaliwa hivyo. Basi leo nilipofika stoo nimekuta Wagika wote wamekaa upande wa mlango, wanasema wao ni wa Salumbo. Wagalu wamehamia upande wa mizani, ni wa Kanali. Katikati wameacha njia ya kupita.

Tena wamewapa alama. Salumbo amepewa jembe, Direza amepewa nyumba, kama wagombea ubunge wetu. Niliwaambia kitabuni hakuna jembe wala nyumba. Wakanijibu kwamba mwandishi alisahau.

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikamwona Bwana Shamba amesimama pale kwenye njia ya katikati, hayuko huku wala kule. Kicheko kikakatika.

Jumanne, 24 Juni

Fomu ya chuo cha ualimu imefika. Nitakuwa na miaka thelathini na tano mwakani, na kuanzia umri huo hawachukui. Yaani ni mwaka huu au basi. Nitabaki kufundisha a, e, i, o, u juu ya magunia kwa posho ya kununulia chumvi.

Masomo ninayo. Barua ya Mratibu Elimu ninayo. Kimebaki kitu kimoja, pendekezo la tawi la Chama. Katibu wa Tawi lazima aandike kwamba mimi ni mwananchi mwema, kisha agonge muhuri. Mwaka jana aliniambia nisubiri kidogo. Hakuniambia kwa nini. Tangu hapo najiuliza ni nani alimnong'oneza nini.

Nimeipeleka leo. Ameiweka chini ya kopo la kalamu.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika wazi. Simwamini Bwana Shamba.

Jina lake Ngonyani, mtu wa Songea, ana mke na mtoto mchanga. Mpole, anasalimia kila mtu, anamwamkia mpaka mlevi. Kila Ijumaa anakwenda Geita. Anasema anapeleka ripoti ya mbegu. Mbegu gani za kila wiki? Juzi aliniomba nirudie hotuba ya Salumbo, ile ya kusema kiti si mali ya mtu. Nikairudia. Akasikiliza amefumba macho, kama mtu anayekariri.

Watu wamemuuliza yeye ni wa nani. Akajibu, "Mimi nangoja mwisho." Hapa hakuna anayengoja mwisho. Hata mbuzi wa hapa wana upande. Mtu asiye na upande hapa, upande wake uko kwingine.

Halafu leo tumesoma sura ya saba. Msaliti wa Salumbo amejulikana. Ni dereva, mpole, hasemi, husimama nyuma siku zote. Watu wote wakapiga kelele. Mimi niligeuka kumtazama Ngonyani. Alikuwa anatabasamu.

Machale yamenicheza.

Jumatano, 2 Julai

Lori limekuja, limechukua nusu ya pamba, limeondoka. Walioachwa wamebaki na hasira na nyimbo. Manju Maganga ametunga wimbo wa Salumbo. Wagalu wametunga wao wa Kanali, wa matusi kidogo. Watoto wanaimba zote mbili kwa zamu.

Mwalimu Mkuu amekuja kunionya. Anasema mwaka huu ni wa uchaguzi, si mwaka wa kuchezea maneno haya. Nikamuuliza kama hilo ni wazo lake au ametumwa. Akakasirika. Sasa naye nimemtia kwenye hesabu, ila si sana. Anapiga kelele mno. Mpelelezi hapigi kelele.

Kichwa kinaniuma na mwili una baridi.

Jumanne, 8 Julai

Malaria. Nimelala tangu Alhamisi. Saba Saba imepita mimi niko chini ya blanketi mbili. Kina Maganga walikwenda kucheza mbele ya wageni wa wilaya. Wamerudi jana jioni kwa vigelegele, wamewashinda Wagalu vibaya, uwanja mzima ulihamia kwao. Baba Kulwa hakuwepo nyumbani siku nzima. Alikwenda kufuata vipuri vya mizani. Amerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na vipuri hakupata.

Nesi Modesta ameniletea klorokwini. Kila kitu kina ladha ya klorokwini.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetoka kwa mara ya kwanza. Nimekutana na Katibu wa Tawi njiani, nikamwamkia, akaitikia akitazama mti. Kisha akageuka akaniuliza polepole, "Mwalimu, huyu Salumbo ni nani hasa?"

Nikamwambia ni mtu wa kitabuni. Akasema, "Aha." Hiyo "aha" sikuipenda.

Katibu hajawahi kufika kwenye usomaji. Nani amempelekea jina hilo? Nimehesabu waliokuwepo, mmoja mmoja. Wote wana pamba ya kuuza, wote wana upande, wote wangejichongea wenyewe. Isipokuwa mmoja. Na leo ni Ijumaa, pikipiki imekwenda Geita.

Fomu yangu bado iko chini ya kopo.

Jumatatu, 14 Julai

Landrova imefika kutoka wilayani. Ndani yake afisa mmoja, kaunda suti ya kijivu, miwani. Hatujui ni wa idara gani, na hakusema. Ameingia ofisi ya Chama na Katibu, wakafunga mlango. Mlango ule haufungwi hata mvua ikinyesha.

Manju Maganga ametoweka, wanasema amekwenda kutafuta ng'ombe aliyepotea. Hana ng'ombe aliyepotea.

Nimeitwa kesho asubuhi, na nije na kitabu. Baba Kulwa hakula. Nilimuuliza ana nini, akasema tumbo. Naogopa. Si kufungwa ninakokuogopa, maana sijafanya kosa. Naogopa ile fomu.

Jumanne, 15 Julai

Niandike kama ilivyokuwa.

Nilikalishwa kwenye benchi. Afisa akachukua kitabu, akakigeuza nyuma na mbele kama anayenunua papai. Akaniuliza Salumbo ni mtu wa wapi. Nikamwambia ni wa kubuni. Akauliza amechukua fomu ya kugombea wapi. Nikasema hajachukua, hayupo. "Amekimbia?" aliuliza. Nikamwambia hakimbii, hajawahi kuwepo, ametungwa. Akamtazama Katibu.

"Mwalimu," akasema, "watu wazima hawamwimbii mtu asiyekuwepo. Tena mwenye alama ya jembe."

Nikaeleza. Foleni, lori, Wagika, Wagalu, njia ya katikati. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo ilivyozidi kuonekana njama. Kwa masikio yangu mwenyewe nilisikia mtu anayekiri kwamba kijiji kina vyama viwili.

Akasema anataka kujua mtu aliyechochea. Jina moja tu, la mtu aliyekuwa akiuliza sana habari za huyo Salumbo. Aliposema hivyo aliweka kiganja juu ya meza, na chini ya kiganja ilikuwa fomu yangu. Sijui kama aliiweka makusudi. Nadhani makusudi.

Hapo nikaona njia. Kumtaja Maganga siwezi, ni mtu wetu, wangemla mzima. Lakini yule mwingine ni mtu wao. Nikimtaja mtu wao hadhuriki, na wao watajua kwamba ninajua. Nikasema, "Muulizeni Bwana Shamba. Ndiye aliyeniomba niirudie hotuba."

Si uongo. Ndivyo ilivyokuwa.

Afisa akaandika. Katibu akainua macho akanitazama. Nikamtazama na mimi, wala sikupepesa. Nilijua nimewakamata pabaya.

Kitabu wamekichukua.

Alhamisi, 17 Julai

Nimelala vizuri. Najisifu kidogo, hakuna anayesoma hapa. Katika kitabu kile wote wenye akili wanakufa kwa sababu wanasema ukweli kwa mtu asiyefaa. Mimi nimewarudishia mpira wao wenyewe.

Ngonyani ameitwa Geita leo asubuhi. Bila shaka kwenda kucheka nao.

Watu wananiuliza kama tutasoma. Nimewaambia kitabu kimeazimwa. Wagalu wanadai Kanali alikuwa anashinda na ndiyo maana kitabu kimefichwa. Wagika wanasema kinyume chake. Nimewaacha.

Jumatatu, 21 Julai

Fomu imesainiwa. Katibu mwenyewe ameniita kunionyesha. "Mwananchi mwema, mshiriki wa shughuli za Chama." Muhuri umekaa katikati kabisa. Nilitaka kuubusu. Nimerudi nyumbani mbiombio kama msichana, nikawakumbatia pacha wangu, Kulwa na Doto, mpaka wakalalamika.

Ngonyani amerudi. Amerudi juu ya lori la pamba, amekaa kwenye turubai, bila pikipiki. Amekonda kwa siku nne tu. Alishuka, akasalimia kila mtu kama kawaida yake, akapitiliza nyumbani. Nikamwambia Nesi Modesta hayo ni maigizo. Nesi akasema mke wa Ngonyani alikuja zahanati kuomba dawa ya usingizi ya mumewe.

Maigizo mazuri, basi.

Jumatano, 23 Julai

Leo wakati wa chakula nimesema, kwa furaha tu, kwamba angalau sasa tunajua nani alipeleka maneno wilayani. Baba Kulwa akaweka tonge chini.

Hakwenda kufuata vipuri siku ya Saba Saba. Alikwenda na kina Maganga. Alipiga ngoma, mume wangu, karani wa mizani, na alinificha kwa sababu anajua mdomo wangu. Walipofika uwanjani waliona wageni wa heshima wamekaa chini ya turubai. Maganga akataka wageni nao wavutiwe. Kwa hiyo wimbo wa Salumbo hakuuimba kwa Kisukuma. Aliugeuza Kiswahili, ili waelewe vizuri. Salumbo anakuja na jembe lake, kiti kimemngoja. Uwanja wote ukaitikia. Huyo afisa wa kaunda suti alikuwa kwenye kiti cha pili mbele. Baba Kulwa alimwona akiinama kumuuliza Katibu wetu jambo, na Katibu akitikisa kichwa kwamba hajui.

Hakuna aliyepeleka maneno. Waliyasikia kwa masikio yao, kwa kipaza sauti.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla sijaitwa. Akasema aliogopa kwamba nikijua nitamtaja.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda ofisini kuyafuta maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga njiani. Kwamba nilikosea, kwamba Ngonyani alipenda hotuba tu, kama mtu anavyopenda wimbo.

Katibu alikuwa peke yake. Kabla sijakaa akasema, "Fomu yako imekwenda jana na lori, Mwalimu. Hongera." Akaongeza kwamba orodha ya chuo bado haijatoka, na wakati kama huu ni vizuri mtu akatulia.

Akaniuliza kama nina jingine.

Nikasema hapana.

Jumamosi, 26 Julai

Sikufanya lolote. Nimefua. Bila sabuni, kwa majivu.

Wanasema Ngonyani amehamishwa, anapelekwa mbali huko mpakani, na mshahara umesimama mpaka uchunguzi uishe. Mwalimu Mkuu amesema hadharani kwamba ni uonevu. Alisema kwa sauti kubwa, mbele ya duka, kila mtu akisikia. Mimi nilipita upande wa pili na ndoo yangu.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya misa Ngonyani na mkewe walikuja kuniaga. Walikuwa wamefunga vitu vyao, vichache, godoro na sanduku na beseni. Niliwakaribisha ndani wakakataa kukaa.

Mkewe alinishukuru kwa uji niliompelekea alipojifungua. Nilikuwa nimeusahau.

Ngonyani alinivuta pembeni, karibu na jiko. Alisema amefikiri sana na sasa anajua aliyemchongea. Ni Mwalimu Mkuu. Ndiye aliyekichukia kitabu tangu mwanzo, na sasa anapiga kelele za kumtetea ili asishukiwe. Akaniomba nisimwambie neno lolote la maana mtu yule, hasa kuhusu chuo, asije akaniharibia na mimi. "Jihadhari naye, Mwalimu," alisema. "Wewe unaamini watu upesi."

Nikamwambia nitajihadhari.

Lori lilikuwa linapiga honi. Nikampokea mkewe mtoto, nikambeba mpaka barabarani.